Nani arekodi kwanza?

Aprili 2020 mpiga udi wa kundi letu la taarab alikuwa Nairobi, sisi wengine Mombasa. Tarehe 6, kwa sababu ya korona, serikali ilifunga njia za kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa ikafuata siku mbili baadaye, na kafyu ilikuwa inaanza saa moja jioni. Tukakimbilia Zoom kama watu wengine. Wimbo haukufika ubeti wa pili.

Tulilaumu bando, lakini bando lilikuwa na kosa dogo. Hewani sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo waliokaa umbali wa mita tatu husikiana kwa kuchelewa milisekunde 9 hivi. Sikio hulimeza hilo. Ikipita 25 au 30, mdundo huanza kuvutana: huyu amsubiri yule, yule amsubiri huyu, wimbo uzorote. Simu ya video huchelewa zaidi ya 100 kwa urahisi. Tena imeundwa kwa maongezi. Nota ndefu ya fidla huidhania ngurumo ya feni, ikaifyeka. Iko programu ya JackTrip, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Stanford, inayotuma sauti bila kuibana, ila inataka intaneti ya waya iliyotulia. Nani alikuwa nayo nyumbani?

Dawa ikawa kuacha kupiga kwa pamoja, kila mtu arekodi kwa zamu. Kwaya ya mtandaoni ya Eric Whitacre ilifanya hivyo mwaka huohuo kwa wimbo “Sing Gently”: waimbaji 17,572 kutoka nchi 129, kila mmoja peke yake akifuata video ya kuongozea.

Swali ni nani atangulie. Sisi tulianza na metronomu, udi ukafuata, na kikatoka kitu kilichonyooka kama rula. Metronomu haijui kwamba mwimbaji wa taarab hulishikilia neno kidogo kabla ya kulishusha. Mara ya pili akatangulia mwimbaji, dada yetu wa Mji wa Kale, akiimba huku anagonga meza kwa kidole. Udi ukapigwa juu yake, kisha fidla, kisha ngoma ya dumbak. Mwisho akaimba upya juu ya kazi yao, sauti ya kwanza tukaifuta. Mpiga dumbak alinuna: maisha yake yote hufuatwa, leo anafuata.

Mengine ni ya mikono tu. Hedifoni ziwe za waya, kwani za Bluetooth huchelewesha. Piga kofi moja kali sehemu iliyokubaliwa kabla ya wimbo, ili kwenye skrini kila treki ioneshe mwiba wa kulinganishia. Na usitume kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, unabanwa mpaka udi unalia kama bati. Ambatisha faili la WAV kama hati. Treki moja ya mono ni kama megabaiti 5 kwa dakika.

Kilichotushinda kwa muda mrefu ni mwisho wa wimbo. Chumbani wote hutazama bega la kiongozi likishuka, wakapunguza mwendo naye. Kwenye faili bega halipo. Ikabidi dada ajirekodi tena, safari hii kwa video, simu imeegemezwa kwenye birika, kinachoonekana ni mkono wake tu kwa sekunde ishirini za mwisho. Hata hivyo fidla iliurudia mwisho huo mara kumi na moja.