Je, Kamera Iongezewe Kishikio?

Kila chombo huja na jina lake, na mara nyingi jina hilo ndilo linalotupotosha. Kishikio cha betri, ambacho wapiga picha wa mjini Sumbawanga hukiita gripu, ni mfano mzuri. Ni kipande kinachofungwa chini ya kamera kwa skrubu, katika tundu lile lile linalotumika kuifunga kamera kwenye miguu yake mitatu. Ndani yake hukaa betri mbili mahali pa moja, na pembeni kina kitufe cha pili cha kupigia picha. Muuzaji hukisifu kwa sababu ya betri, na mnunuzi hukinunua kwa sababu hiyo hiyo. Mimi nadai kwamba betri ndiyo faida yake ndogo, na kwamba asiyelijua hilo ama atatoa fedha nyingi kwa kitu asichokihitaji, ama atakikataa kitu ambacho kingemfaa.

Sisemi haya kama fundi wa kamera. Nilitumia sehemu kubwa ya maisha yangu kuwafundisha walimu, na katika chuo cha ualimu tulikuwa na desturi ya kuzihakiki zana za kufundishia. Mwanachuo akiandika andalio la somo na kuanza na zana kabla ya madhumuni, tulimrudishia daftari lake. Tulimwuliza mwanafunzi atajua nini mwisho wa kipindi ambacho hakukijua mwanzoni. Akishajibu, ndipo tulipomruhusu kuchora chati yake. Kipimo hicho kinafaa hata kwa kamera. Tuulize kwanza picha inatakiwa iweje, halafu ndipo tuulize kamera iongezewe nini.

Swali lenyewe nililetewa hapa Kizwite na kijana mmoja ambaye baba yake alipita mikononi mwangu chuoni. Anaishi kwa kupiga picha: harusi, sherehe za kumwaga binti, ubatizo, kipaimara, mahafali ya shule. Alikuwa ameuza mahindi, akaongeza na akiba ya kazi zake.

"Shikamoo Babu," alisema. "Nimechanga fedha ya gripu. Ninunue, nisinunue?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Niletee kwanza picha zako. Kamera iache nyumbani."

Akaniletea picha za sherehe tatu. Nilizipanga mezani katika mafungu mawili, za kulala upande mmoja na za kusimama upande wa pili. Picha za kulala zilikuwa nzuri kwelikweli. Makundi ya ukoo yamepangwa vizuri, nyuso zote zinaonekana, hakuna aliyefichwa na kilemba cha mwenzake. Katika zile za kusimama niliona jambo la kufikirisha. Zilizopigwa mwanzoni mwa sherehe, jua likiwa bado linaonekana, zilikuwa zimenyooka. Zilizopigwa usiku, saa nne au tano baadaye, zilikuwa zimeinama. Mihimili ya mlango imelala kama mti uliosukumwa na upepo, na watu wamekatwa miguu.

Mojawapo ilikuwa ya bibi mzee aliyesimama na fimbo yake, akimtazama mjukuu wake anayeagwa. Uso ulitoka vizuri sana. Una furaha na uchovu kwa pamoja. Lakini fimbo imekatwa katikati, na miguu haipo. Bibi huyo alifariki miezi michache baadaye. Ndugu walipotaka picha ya kuweka ukutani, hiyo ndiyo iliyokuwapo, na hapakuwa na nyingine ya kusimama. Huku kwetu mtu anayepigwa picha ya kusimama hutaka aonekane mzima, toka kitambaa cha kichwani hadi viatu. Viatu hivyo pengine viliazimwa, pengine vilinunuliwa kwa ajili ya siku hiyo. Kumkata mtu miguu ni kumpunguzia heshima aliyokuja kuitunza.

Basi kosa limetoka wapi? Halikutoka kwenye jicho, maana jicho lililopanga makundi vile linajua kazi. Halikutoka kwenye betri, kwa sababu picha zipo, tena nyingi. Limetoka mkononi. Kamera imeundwa ishikwe ikiwa imelala. Ukiisimamisha, kiwiko cha kulia hupanda juu usawa wa sikio, kifundo cha mkono hujikunja, na uzito wote hubaki ukining'inia. Kwa picha kumi si neno. Kwa picha mia nne, usiku, mkono huchoka, nao mkono uliochoka hauoni kwamba umeinama. Kitufe cha pili kilichopo kwenye kishikio kinaondoa shida hiyo: kamera ikisimamishwa, kiwiko hubaki chini karibu na ubavu, na kidole hukuta kitufe mahali kilipozoea. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kishikio, nayo haimo katika jina lake.

Zamani shida hii haikuwapo kwa namna hii. Fikiria studio kama ile ya Capital Art ya Zanzibar, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Katika studio za enzi hizo kamera ilisimama juu ya miguu yake, na mteja aliletwa mbele yake akapangwa, akasubiri. Mpiga picha alikuwa na muda wa kutazama kingo zote nne za picha, viatu vikiwamo. Siku hizi mpiga picha ndiye anayemkimbilia mteja, kati ya viti na wacheza ngoma, kamera ikiwa shingoni. Tumepata picha za watu wakicheka kweli, jambo ambalo studio ilikuwa inalipata kwa nadra. Lakini tumepoteza utulivu wa ile miguu mitatu. Kishikio kinarudisha sehemu ndogo ya utulivu huo.

Kwamba mkono ni jambo zito katika kazi hii, tunaye shahidi wa Afrika Mashariki. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na hapo ndipo alipoanzisha Camerapix mwaka 1963. Picha zake za njaa ya Ethiopia zilitangazwa Oktoba 1984, zikaitikisa dunia. Mwaka 1991 alipoteza mkono wake wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa, akarudi kazini akiwa na mkono wa bandia, akaendelea hadi alipofariki katika ajali ya ndege karibu na Komoro, Novemba 1996. Nyongeza yake ilijibu upungufu uliokuwapo kweli. Hakuivaa ili aonekane mkubwa.

Sasa tuje kwenye betri. Kihistoria, chombo kilichofungwa chini ya kamera hakikuwa cha kuongeza maisha ya betri. Kilikuwa mota ya kuvuta filamu. Mota ya Nikon MD-12 ilitumia betri nane ndogo za tochi na kupiga picha tatu na nusu kwa sekunde; filamu ya picha 36 ilikwisha kwa sekunde kumi hivi. Mtindo huo uliendelea hata katika kamera za dijiti. Nikon D300 ya mwaka 2007 ilipiga picha 6 kwa sekunde, na ikiwekewa kishikio na betri inayofaa ikafika 8. Kwa mpiga picha wa riadha hilo ni jambo la maana. Askofu anayempaka mtoto mafuta hahitaji kufukuzwa kwa kasi hiyo.

Ama kuhusu kudumu kwa betri, inategemea kamera. Canon 5D Mark II ya mwaka 2008, kwa vipimo vya kiwandani, hupiga takribani picha 850 kwa betri moja. Sony A7 ya mwaka 2013, ambayo haina kioo cha ndani na hivyo kiwambo chake huwaka muda wote, ilipimwa picha 340 hivi. Mwenye kamera ya namna ya pili ana haki ya kuhofia betri. Huku Sumbawanga hofu hiyo ina mizizi. Kwa miaka mingi umeme wetu ulitoka Zambia kupitia Mbala, na tulizoea kulala bila kujua kama chaja itakuwa imefanya kazi hadi asubuhi. Tena baadhi ya vishikio hupokea betri sita ndogo za tochi badala ya zile za kuchaji, nazo hupatikana katika maduka mengi. Kwa anayeshuka bonde la Rukwa kwa siku tatu, mahali ambapo umeme si wa uhakika, hiyo ni sababu inayosikilizika.

Lakini kwa kazi za hapa mjini, betri ya akiba mfukoni hutosha, na fedha ya kishikio kimoja hununua betri za akiba kadhaa. Kuibadilisha ni kazi ya sekunde chache. Kuna na jambo jingine linalotuhusu sisi wa nyanda za juu. Mji wetu uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali. Betri za lithiamu hupungukiwa nguvu kwenye baridi. Zile mbili zilizo ndani ya kishikio hupigwa na baridi pamoja na kamera, ila ile iliyo mfukoni, karibu na mwili, hukaa na joto lake. Kwa hesabu ya betri peke yake, mfuko wa koti unakishinda kishikio.

Ipo sababu ya tatu, ambayo watu huificha. Kamera yenye kishikio ni kubwa, na mteja huheshimu kamera kubwa. Kijana wangu alikiri hivyo bila kuona haya. Simlaumu, kwa kuwa mwenye harusi hulipa zaidi anapoona chombo kinachofanana na kazi. Walakini heshima ya namna hiyo huisha siku picha zinapofika mezani. Bibi aliyekatwa fimbo hakuna anayeuliza kamera yake ilikuwa na ukubwa gani.

Wapo watakaosema kwamba mchagua jembe si mkulima. Ni kweli, ila methali hiyo inamsema mvivu. Mkulima ambaye mpini wake umemchubua kiganja akiubadilisha, hachagui jembe, analinda shamba. Wazee wetu wa Ufipa walilijua hilo katika kazi ya chuma. Tanuri lao refu, lililozidi kimo cha mtu, lilivuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini, na halikuwekewa mivukuto. Mivukuto ililetwa kwenye tanuri dogo la kusafishia chuma, kwa sababu lile halikuweza kupumua lenyewe. Waliongeza mahali palipopungua, na palipotosha wakapaacha.

Kwa kipimo hicho natoa hukumu yangu. Anayepiga zaidi picha za makundi, za kulala, asinunue. Aweke betri mbili mfukoni, na fedha iliyobaki aitumie kuchapisha picha kwenye karatasi nzuri. Asiye na uwezo ajifunze kuisimamisha kamera kwa upande wa pili, mkono wa kulia ukiwa chini na kiwiko kikiegemea ubavu; ni taabu kidogo kuzoea, lakini haina gharama. Kijana huyu, ambaye zaidi ya nusu ya picha zake ni za watu waliosimama, na ambaye picha zake zenyewe zimetoa ushahidi kwamba mkono wake unachoka, nilimwambia anunue. Nilimtahadharisha juu ya vishikio vya kuiga ambavyo havikai sawasawa: akifunge palepale dukani, akisukume huku na huku, na kikicheza hata kidogo akiache. Na siku atakayoanza kukitumia, picha za kwanza azipange mezani na kutazama za saa ya mwisho. Kama miguu imerudi ndani ya picha, fedha yake imekwenda mahali pake.