Anguko na Maana Yake: Uhakiki wa Vichekesho vya Sinema Bubu

Wahakiki wa fasihi wamezoea kukipa kichekesho nafasi ndogo kuliko tanzia, na katika jamii nzima ya vichekesho hapana aina iliyobezwa zaidi ya zile filamu fupi zisizo na sauti zilizotengenezwa Marekani kabla ya mwaka 1930, ambazo mhusika huteleza, hupigwa, hukimbizwa na polisi, kisha huinuka akajipangusa vumbi. Hoja ya wanaozibeza ni nyepesi: filamu hizi hazina maneno, kwa hiyo hazina mawazo, anguko ni anguko tu. Makala haya yanakusudia kuipinga hoja hiyo kwa kuzichambua filamu mbili, The Immigrant ya Charlie Chaplin (1917) na One Week ya Buster Keaton (1920), na kisha kuonyesha mahali ambapo kicheko cha aina hii hakistahili kutetewa.

Suala hili latuhusu sisi wa idara za lugha. Ikiwa kazi isiyotamka neno yaweza kuwa na msuko, wahusika na maudhui, basi hapana budi tuzichunguze upya zana zetu za uhakiki, ambazo tumezifua kwa kupimia maneno. Tena tunayo methali inayotukabili moja kwa moja: mcheka kilema hafi bila kumfika. Wahenga wametuonya tusicheke msiba wa mwenzetu. Je, mtu anayecheka mwenziwe anapoanguka anacheka nini hasa?

Chimbuko la fani

Vichekesho vya maanguko ni vya kale kuliko sinema. Katika maigizo ya Kiitalia ya karne ya 16 na kuendelea, mchekeshaji alibeba fimbo ya mbao mbili zilizogongana kwa kishindo kikubwa huku zikiumiza kidogo sana. Ndani ya chombo hicho mna kanuni yote ya fani hii: mtazamaji asikie pigo, lakini ajue kwamba hapana aliyejeruhiwa. Sinema ilipozaliwa iliirithi kanuni hiyo mara moja. Miongoni mwa filamu ambazo ndugu Lumière walionyesha Paris mwezi Desemba 1895 ilikuwamo moja isiyofika hata dakika: kijana anaukanyaga mpira wa maji wa mtunza bustani, maji yanakatika, mzee anachungulia mdomo wa mpira, kijana anainua mguu. Mzee analowa, kijana anakamatwa na kuchapwa. Kisa ni kifupi, lakini kina mwanzo, kati na mwisho, na kina haki ndani yake.

Mwaka 1912 Mack Sennett alianzisha kampuni ya Keystone huko California, na hapo ndipo mbio na maanguko yalipofanywa kazi ya kila juma. Chaplin aliingia humo mwaka 1914 na katika mwaka huo mmoja alicheza katika filamu zaidi ya thelathini. Alichojifunza kwa Sennett ni wepesi. Alichokuja kukiongeza mwenyewe ni sababu. Kwa Sennett watu huanguka kwa kuwa ni wakati wa kuanguka. Kwa Chaplin mtu huanguka kwa kuwa kuna kitu kilichomwangusha, na mtazamaji analazimika kukitazama kitu hicho.

Sarafu katika The Immigrant

Filamu hii ina sehemu mbili: safari ya wahamiaji melini, na mlo katika mkahawa wa mjini. Chaplin alianza kupiga picha za mkahawa, na zile za meli akazitunga baadaye kama chanzo cha kisa. Mtu angetazamia ufa kati ya sehemu hizo. Kinyume chake, ya kwanza imekuwa tafsiri ya ya pili. Katika meli, abiria wanaiona Sanamu ya Uhuru kwa mbali. Papo hapo maofisa wanawazungushia kamba na kuwasukuma pamoja kama mifugo. Chaplin anaigeukia tena ile sanamu kwa jicho la shaka, kisha anampiga ofisa teke. Picha hizi mbili zikifuatana hivyo ni kinaya kamili, na kinaya hicho hakikuhitaji maandishi yoyote.

Katika mkahawa msuko wote unabebwa na sarafu moja. Maskini huyu ameiokota njiani, akaitia mfukoni, nayo ikapenya tunduni bila yeye kujua. Anaagiza maharagwe, anamwona yule binti aliyesafiri naye, anamkaribisha na kumwagizia chakula. Ndipo anaposhuhudia mteja akipigwa na watumishi kwa kupungukiwa senti kumi. Anatia mkono mfukoni: tundu. Mtu mwingine aliyeiokota ile sarafu anaingia na kuilipa. Mtumishi, jitu la kutisha lililoigizwa na Eric Campbell, anaiangusha bila kujua. Chaplin anaipata kwa taabu kubwa, analipa, na sarafu inajikunja menoni mwa mtumishi. Ni bandia.

Yafaa tusite hapa. Hakuna aliyeteleza kwa ganda la ndizi. Kinachochekesha ni hofu ya mtu asiye na fedha mbele ya mwenye nguvu, na kila hatua ya hofu hiyo imetokana na hatua iliyotangulia. Hata wokovu wake una mantiki ileile: mchoraji tajiri anajitolea kumlipia, Chaplin, kwa adabu, anakataa mara moja zaidi ya ipasavyo, na mchoraji anakubali kukataliwa. Hatimaye hesabu ya chakula inalipwa kwa bakshishi ambayo mchoraji ameiacha sahanini. Msomaji wa hadithi za Abunuwasi ataitambua hila hii, ila Abunuwasi hushinda kwa ulimi, na huyu hushinda kwa vidole.

Nyumba katika One Week

Keaton alilelewa jukwaani, na tangu utotoni kazi yake ilikuwa kurushwa na baba yake mbele ya watazamaji. Uso wake hauchekí wala haulii. Katika One Week maarusi wapya wanazawadiwa nyumba iliyofungwa katika masanduku yenye namba. Mpinzani aliyekataliwa na bibi arusi anazibadilisha namba hizo. Keaton anafuata maagizo kwa uaminifu, na matokeo yake ni nyumba iliyopinda, ambayo dhoruba inaizungusha kama pia. Kisha wanaambiwa kwamba wameijenga katika kiwanja kisicho chao. Wanaikokota, inakwama juu ya reli, treni inakuja, wanafumba macho. Treni inapita katika reli ya pembeni. Wakati wanashusha pumzi, treni nyingine inatoka upande wa pili na kuivunja nyumba vipande vipande.

Mbinu hapa ni tofauti na ya Chaplin. Chaplin ana adui mwenye sura. Keaton ana adui asiye na sura, yaani mpango uliokosewa tangu mwanzo ambao mtu mwaminifu anautii hadi mwisho. Maanguko yake ni ya mtu aliyefuata kanuni. Tamati nayo yathibitisha hivyo: anaweka tangazo la kuuza juu ya vifusi, anaambatisha karatasi ya maagizo, anamshika mkewe mkono na kuondoka. Kwa maoni yangu hiki ni kichekesho kikali zaidi, kwa sababu teke halina wa kupigwa.

Mpaka wa kicheko

Sasa twaweza kuirudia methali. Katika filamu hizi mbili hatucheki kilema. Twacheka kamba, mkahawa, na namba za masanduku. Mchekeshaji ameutoa mwili wake uanguke ili sisi tuyaone yaliyomwangusha. Lakini mhakiki Mwafrika hawezi kuishia hapo. Katika The Playhouse (1921) Keaton huyuhuyu anajipaka uso rangi nyeusi na kuwaiga wale waigizaji Wazungu waliokuwa wakiwadhihaki watu weusi majukwaani. Ufundi wake wa kamera, unaomzidisha mtu mmoja kuwa kundi zima, ni wa ajabu. Dhihaka yake ni duni. Pale ngozi ndiyo kilema, na hakuna kilichofichuliwa. Si haki kuisamehe sehemu hiyo kwa ajili ya ufundi, wala si haki kuitumia kuizika One Week.

Kuna dharau nyingine ya kukumbuka. William Sellers, kiongozi wa Colonial Film Unit iliyoanzishwa London mwaka 1939, alishikilia kwamba watazamaji Waafrika wasiojua kusoma walihitaji filamu za polepole, zisizo na hila za kamera. Lugha yetu yatoa ushahidi wa namna nyingine. Kiswahili kina neno chale, mbali na zile chale za mwilini, lenye maana ya mchekeshaji, na si vigumu kusikia ndani yake jina la Charlie. Ikiwa ndivyo, basi watazamaji hao walikuwa wamekwisha kumwelewa mtu huyo kiasi cha kulifanya jina lake kuwa nomino ya kawaida, yenye wingi wake, machale.

Hitimisho

Tumeona kwamba anguko katika sinema bubu laweza kuwa na sababu, mfuatano na lengo, mambo ambayo ndiyo msuko na maudhui. Kipimo kinachofaa ni kuuliza anguko limefichua nini, na limemwangukia nani. Kwa kipimo hicho The Immigrant na One Week zinasimama, na sehemu ile ya The Playhouse inaanguka. Kipimo hicho hicho chafaa kwa vichekesho vyetu wenyewe vya jukwaani, ambavyo mara nyingi humchekea mshamba, kiwete na mwenye lafudhi ya bara bila kutuonyesha kilichowaangusha.