Palmer alikosea rangi

Miaka 25 ya utafiti wa vidonda vya tumbo ilipotelea mezani pa maabara, mwaka 1954. Wengine huwalaumu watengenezaji wa dawa za asidi. Mimi namlaumu Eddy Palmer, daktari wa jeshi la Marekani, kwa uamuzi wa kupaka sampuli zake rangi za hematoksilini na eosini, basi.

Palmer alikuwa na mrija wa kufyonza uliomwezesha kunyofoa utando wa tumbo la mtu aliye hai, akakusanya sampuli za watu zaidi ya 1,000. Hadi hapo kazi ni safi. Alitaka kujua kama zile spirokete, bakteria wa umbo la skrubu, ambazo madaktari Freedberg na Barron walizitangaza kule Boston mwaka 1940 zipo kweli. Na wale wawili walizionaje? Kwa rangi ya madini ya fedha! Viumbe wembamba vile, waliozama ndani ya ute, hushika eosini kwa shida, lakini fedha huwatoa weusi kabisa. Anayetaka kumkanusha mwenzake sharti kwanza apite njia ile ile. Palmer hakuipita. Hakuona kitu, akahitimisha kuwa walichokiona wenzake ni bakteria wa kinywani waliozaliana mtu akishakufa. Hapo ndipo hasira yangu inapopanda, maana sampuli 35 za Freedberg na Barron zilikatwa kwa upasuaji kutoka kwa watu walio hai. Maiti wanaingiaje hapo?

Lakini elfu moja iliishinda thelathini na tano. Nimeshalipigia kelele jambo hili na nitaendelea: wingi wa sampuli hautibu njia mbovu. Jarife hata ulitupe mara elfu, dagaa watapita. Waliosoma ripoti ile walihesabu sampuli, hawakuuliza zimepakwa nini, na tumbo likatangazwa kuwa halina bakteria wake. Msemo wa Schwarz wa mwaka 1910, kwamba pasipo asidi hapana kidonda, ukabaki kuwa sheria. Huko Ugiriki daktari John Lykoudis, aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wake kwa antibiotiki tangu 1958, akaishia kutozwa faini mwaka 1968.

Robin Warren, mwanapatholojia wa Perth, mwaka 1979 aliona mstari hafifu wa buluu juu ya utando, kwenye hematoksilini na eosini zile zile. Akaagiza fedha. Hatua hiyo moja ndiyo Palmer aliyoikosa, na wala haikuhitaji kifaa kipya. Kilichofuata kwa mwenzake Barry Marshall mnakijua: kuotesha bakteria mwaka 1982, kuwanywa mwaka 1984, Nobel mwaka 2005.

Gharama ya kosa la Palmer ilikuwa kwenye uponaji. Ukipunguza asidi, seli za kingoni hutambaa na kufunika jeraha, mgonjwa akashukuru. Lakini bakteria yule, H. pylori, yumo bado, uvimbe umo, homoni ya gastrini inaendelea kuchochea asidi kuelekea duodeni, na dawa ikikoma wengi kidonda kiliwarudia kabla mwaka haujaisha. Wengine walikatwa tumbo. Na dawa za kumshambulia bakteria zilikuwapo: mwaka ule wa 1954 bismathi ilikuwa dawa ya tumbo ya siku nyingi, na tetrasaiklini ilikuwa imeshapatikana. Huku kwetu bado naona mgonjwa akiambiwa aache pilipili na mawazo, akapewa omeprazoli ya kupunguza asidi bila kupimwa bakteria. Huo ni urithi wa Palmer.

Wanaomsifu Marshall kwa kunywa bakteria wana haki, ulikuwa ujasiri. Hata hivyo, kwa ufundi mtupu wa maabara, namweka Freedberg juu yake. Mwaka 1940, bila endoskopu ya nyuzi wala bakteria walioota kwenye sahani, alichagua rangi sahihi, akawakuta zaidi kwenye matumbo yenye vidonda, akaripoti alichokiona bila kutia chumvi. Baadaye aligeukia magonjwa ya moyo. Alikuwa bado hai tuzo ya 2005 ilipotolewa, na jina lake halikuwamo.