Kanda kama Matini: Uhifadhi wa Tungo za Julius Eastman

Katika uhakiki wa muziki wa Ulaya na Marekani, nota zilizoandikwa huchukuliwa kuwa ndizo utungo wenyewe, nayo rekodi huwa kivuli tu. Tungo za Julius Eastman (1940–1990), mtunzi Mmarekani Mweusi, zinaupindua mtazamo huo. Mapema katika miaka ya 1980 Eastman alifukuzwa katika nyumba aliyopanga jijini New York, na miswada yake mingi ikapotea. Alipofariki, ilipita miezi minane kabla ya taazia yake kuchapishwa.

Mwaka 1998 mtunzi Mary Jane Leach alianza kutafuta utungo wake mmoja tu, ule wa selo kumi. Utafutaji huo ukazaa mkusanyiko mzima. Kilichosalia zaidi kilikuwa kanda za maonyesho, na baadhi yake zikatolewa mwaka 2005 kwa jina la *Unjust Malaise*.

Hapa ndipo penye utata. Muswada wa utungo huo wa selo, *The Holy Presence of Joan d'Arc* (1981), ulikuwa umepotea. Mpiga selo Clarice Jensen aliunukuu upya kwa kuisikiliza rekodi. Kazi hiyo ni ya kushukuriwa, maana bila nota wapigaji wengine wangeupigaje? Hata hivyo, yeyote aliyewahi kunukuu ngano kutoka kwenye kanda anafahamu kwamba kinachopatikana ni usimulizi wa usiku mmoja, pamoja na mahali fanani alipoharakisha kwa kuiona hadhira imechoka.

Kwa Eastman tatizo ni zito zaidi, kwa kuwa uhuru wa mpigaji ulikuwa sehemu ya mtindo wake. Nota za *Femenine* (1974) ni kurasa chache. Zinatoa kiini cha muziki na dakika za mabadiliko, na mengi yaliyobaki wameachiwa wapigaji. Rekodi ya onyesho la Albany la Novemba 1974, iliyotolewa mwaka 2016, ni utendaji mmoja, ingawa mtunzi mwenyewe alishiriki. Kundi linaloiga kila kipengele chake linaihifadhi rekodi na kuupoteza utungo.

Yamkini atatokea wa kusema kwamba utungo usio na matini thabiti husambaratika. Hoja hiyo ina uzito, lakini haihalalishi kuficha mshono. Chapa ya nota hizo inapaswa kubainisha kilichotoka katika mkono wa Eastman na kilichotoka katika sikio la mnukuzi, jina la mnukuzi likiwekwa kwenye jalada, si katika tanbihi.