Istilahi Ipimwe kwa Hesabu: Tatizo la "Kanieneo Hakiki"

Wanafunzi wetu wa somo la tafsiri wanapokutana na kanuni za gesi halisi, wengi hukimbilia kuandika "kanieneo hakiki". Chanzo ni dhahiri: neno lilelile la Kiingereza hutumika kwa uhakiki wa fasihi na kwa nukta hii ya kifizikia. Lakini gesi haihakiki kitu, wala haihakikiwi.

Dhana yenyewe ni hii. Mwaka 1869 Thomas Andrews alionyesha kuwa kabonidioksidi ikizidi nyuzi 31 hivi za Selsiasi haiwi kimiminika hata ikigandamizwa vipi. Kanieneo inayohitajika kuigeuza kimiminika katika halijoto hiyo ya mpaka ndiyo tunayoitafutia jina. Mwaka 1873 J. D. van der Waals alitoa mlinganyo wenye viwango viwili: a, kwa ajili ya mvutano wa molekuli, na b, kwa ajili ya nafasi zinayoichukua. Kutokana nao, kanieneo hiyo ni a ikigawanywa kwa zao la 27 na kipeo cha pili cha b. Kwa kabonidioksidi, a ni 3.64 na b ni 0.0427, tukitumia lita, baa na moli. Jibu ni baa 74 hivi.

Wapo wanaopendelea "kanieneo upeo". Ni afadhali, ila hesabu inaikataa. Halijoto ile ni upeo kweli. Kanieneo si upeo, kwani gesi hiyo yaweza kugandamizwa hadi baa 100 au 200. Msomaji wa "upeo" atadhani 74 ndiyo mwisho.

Pendekezo letu ni "kanieneo ya kizingiti". Kizingiti hakizuii kupita; huonyesha pale vyumba viwili vinapokutana, na katika nukta hii ndipo tofauti ya gesi na kimiminika hutoweka. Dosari yake ni kwamba magazeti hulitumia neno hilo kwa maana ya kikwazo, hivyo fasili iambatanishwe.

Hapa Uganda sayansi ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Mwalimu wa fizikia hatasoma tafsiri yetu akatusahihisha. Kosa litapita hadi kitabuni. Basi mfasiri asiidhinishe istilahi kabla hajaikokotoa hesabu yake, walau mara moja, hadi jibu.