Mbegu Juu ya Moshi

Jikoni kwa bibi yangu, nje kidogo ya Tunduma, mahindi ya mbegu yalining'inia juu ya mafiga, yamefungwa kwa maganda yake, meusi kwa moshi. Wadudu hawakuyagusa. Nasi hatukuyagusa, hata Novemba ghala lilipobaki vumbi tupu.

Nayakumbuka kila nisomapo habari za seli shina za damu, zile zinazokaa kwenye uloto, ndani ya mifupa ya nyonga, kidari na uti wa mgongo. Seli nyekundu huishi siku 120 hivi, kwa hiyo mwili wa mtu mzima hutengeneza mpya takriban milioni 2 kila sekunde. Dereva wa lori aliyekwama foleni ya kuvukia Nakonde, hadi amalize kikombe cha chai, ameshapata mamia ya mamilioni.

Ungedhani seli shina hazipati usingizi. Kumbe nyingi zimelala. Jasho la kila siku ni la watoto na wajukuu wao, ambao huzaana upesi kisha wakaisha. Seli shina yenyewe hugawanyika kwa nadra, na ufundi wake uko hapo. Ikizaa pacha, pengine mmoja hubaki kuwa shina kama mzazi, mwingine huenda kuwa damu. Pengine hubaki wote wawili, pengine huondoka wote, ilimradi hesabu ya jumla isipotee. Wakiondoka wengi mno, uloto hukauka. Na seli ikikataa kukomaa huku ikizidi kuzaana, hiyo ni saratani ya damu.

Hesabu hiyo haina msimamizi mmoja. Mwaka 1978 Schofield, mtafiti wa Manchester, alitoa hoja kwamba seli hizi hudumu kuwa shina kwa sababu ya mahali zinapokaa: majirani ndio wanaozituliza. Leo tunajua baadhi ya majirani hao, seli zinazoizunguka mishipa midogo ya damu ndani ya mfupa, zikitoa protini za kuzishika seli shina zisitoke. Lakini kinachonigusa zaidi ni thrombopoietini, homoni itokayo hasa kwenye ini. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, huinyonya. Zikipungua, homoni huzidi, na uloto hutengeneza sahani nyingine. Homoni hiyohiyo husaidia seli shina zibaki zimetulia. Anayeagiza unga ndiye anayelinda mbegu! Bibi alikuwa hivyo hasa.

Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Kwanza dawa kali huuondoa uloto wa zamani. Kisha seli za mchangiaji, aghalabu ndugu wa damu, huingizwa mshipani kama damu ya kawaida tu, matone kwa matone. Hakuna anayezielekeza, zenyewe huitafuta mifupa. Siku kadhaa hesabu ya seli nyeupe husomeka karibu na sifuri, na mzazi pale kitandani huwa hana la kufanya ila kungoja vipimo vya asubuhi. Halafu, kwa kawaida kati ya wiki ya pili na ya nne, namba huanza kupanda. Wakati huo, baadhi ya seli zilizoingia mshipani zimeshapata pembe yake mfupani, zimelala.