Dinaye katika Ezra 4:9: Kabila au Cheo?

Kitabu cha Ezra kimeandikwa kwa lugha mbili. Sehemu kubwa ni Kiebrania, lakini 4:8 hadi 6:18, pamoja na 7:12-26, ni Kiaramu, lugha ya utawala katika dola ya Uajemi. Katika sehemu hiyo ya kwanza mna barua iliyopelekwa kwa Mfalme Artashasta kupinga ujenzi wa Yerusalemu. Wanaotajwa kuwa waandikaji wake ni Rehumu, Shimshai na wenzao, kisha hufuata orodha ya makundi tisa. La kwanza ni dinaye. Makala haya yanashikilia kwamba neno hilo ni jina la cheo, yaani waamuzi, wala si jina la kabila. Na kwamba fasiri hiyo hubadili usomaji wetu wa mgogoro unaosimuliwa.

Mapokeo ya tafsiri yamegawanyika. Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James (1611) iliwafanya kuwa watu wa taifa fulani, na Biblia ya Kiswahili ya Union Version (1952) ikashika njia hiyo hiyo kwa kuwaita Wadinai. Kinyume chake, tafsiri ya Kiingereza ya Revised Standard Version, iliyokamilika mwaka huo huo wa 1952, ilisema ni waamuzi. Katika Kiswahili tofauti hii ni nyembamba mno. Kiambishi wa- hubeba kabila na kazi kwa pamoja: tunasema Wakamba, tunasema walimu. Katika maandishi, herufi kubwa pekee ndiyo inayotenga taifa na ajira, nayo ni herufi ambayo Kiaramu hakina.

Chanzo cha utata ni mwandiko wenyewe. Matini ya kale iliandikwa kwa konsonanti. Alama za irabu zilitiwa na Wamasora karne nyingi baadaye. Kwa irabu zao tunasoma dinaye, umbo linalofanana na majina ya mataifa. Lakini konsonanti zizo hizo, bila kuongeza wala kupunguza hata moja, husomeka pia dayyanayya, "waamuzi". Mzizi wake si mgeni kwa msomaji wa Kiswahili: ni ndugu wa ule uliomo katika neno la Kiarabu din, ambalo katika istilahi ya "yaumu-din" lina maana ya hukumu.

Ushahidi wa nje unaunga mkono usomaji wa pili. Katika mafunjo ya Kiaramu ya Elephantine, kusini mwa Misri, mna ombi la Wayahudi la karibu na mwaka 410 K.K. wakitaka uchunguzi ufanywe na maofisa wa jimbo. Maofisa hao wanatajwa kwa mpangilio: waamuzi, kwa konsonanti zile zile za Ezra 4:9, kisha wenye vyeo viwili vya Kiajemi. Kimoja cha vyeo hivyo ni tiftaye, kinachotokea pia katika Danieli 3:2, ambako Wamasora wenyewe wamekipa kiishio -aye. Kwa hiyo kiishio hicho peke yake hakithibitishi kwamba tunasoma habari za taifa.

Huenda mtu akapinga kwamba sehemu ya mwisho ya orodha inataja watu wa Ereki, Babeli, Shushani na Elamu, na kwamba aya ya 10 inazungumzia mataifa yaliyohamishwa hadi Samaria. Pingamizi hili lina uzito. Hata hivyo, orodha inafuata majina ya maofisa wawili na neno "wenzao". Ni jambo la kawaida barua ya kiserikali kuanza na vyeo, kisha ikataja asili za watu. Aidha, katika 5:6 kundi lenye jina linalokaribiana na la pili katika orodha yetu, afarsekaye, linaitwa wenzake Shethar-Bozenai, na hapo maana ya wakaguzi inafaa zaidi kuliko ya kabila.

Orodha hii ina mfano mwingine wa taifa linaloweza kuwa limezaliwa na usomaji tu. Dehaye wa Wamasora, kwa konsonanti zilizoandikwa, wanaweza kusomwa di hu, "yaani". Kodeksi ya Kiyunani ya Vatikani, ya karne ya 4, inaunga mkono jambo hilo: watu wa Shushani, yaani Waelami. Kabila zima linageuka kuwa kiunganishi.

Athari yake ni kubwa. Tukisoma makabila tisa, sura ya 4 huwa hadithi ya mataifa yanayowachukia Wayahudi kwa asili yao. Tukisoma waamuzi na maofisa wakiwatangulia watu wa miji, tunaona urasimu wa jimbo la Ng'ambo ya Mto ukitetea kodi na mamlaka yake. Na kweli hoja kuu ya barua, katika 4:13, ni kwamba mapato ya mfalme yatapungua. Uhasama haufutiki, bali unapata sababu inayoweza kuchunguzwa. Mfasiri anayeandika Wadinai kwa herufi kubwa amekwisha kutoa hukumu kuhusu chanzo cha ugomvi, na mhakiki ana wajibu wa kuidai hukumu hiyo ushahidi.